Mokami Avuka Mlima Kumfuata Boke

Katika kijiji chetu kipya, nyumba ya mwisho ya mstari wa tatu ilikuwa ya Mokami. Mama yangu ndiye aliyekuwa jirani yake wa karibu, na mimi ndiye niliyemsaidia kupukuchua mahindi macho yake yalipopungua nguvu. Haya ninayosimulia niliyapata kwake, kidogo leo, kidogo baada ya mwezi, maana hakuwa mtu wa kumaliza habari kwa mara moja. Sehemu nyingine nilimwuliza Swaleh fundi viatu, aliyetembea naye nusu ya safari ile.

Mokami aliolewa na Nyamhanga akiwa binti, wakakaa juu ya mlima wa Nyamosisi zaidi ya miaka thelathini bila kupata mtoto. Nyamhanga hakumfukuza. Alioa mke wa pili, huyo akafa kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Kisha Nyamhanga mwenyewe akafa kwa homa mwaka mmoja baada ya Uhuru, akazikwa kando ya zizi lake, na Mokami akabaki na ng'ombe na jina la mume lisilo na wa kulibeba.

Basi akafanya jambo ambalo mila ya Wakurya inamruhusu mwanamke wa namna yake. Alioa. Alipeleka ng'ombe kwa watu wa upande wa Nyansurura, akaletewa Boke, binti mwembamba mwenye mwanya, awe mke wa nyumba ile. Watoto ambao Boke angezaa wangeitwa wa Nyamhanga. Akatafutwa mwanamume wa kuzaa naye, kijana mmoja aitwaye Nyangwine, ambaye alikuja na kuondoka na hakuwa na haki juu ya watoto. Mlimani kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyeliona ajabu. Boke alizaa wasichana wawili, Kezia, kisha Waisiko. Mokami aliwapenda kama macho yake, lakini alikuwa akingoja wa kiume.

Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni Vijiji ya kuwahamishia watu vijiji vipya, alipanda mlima karani mmoja kijana, mtu wa mbali, na daftari kubwa. Akaketi kwenye kigoda cha Mokami.

"Mkuu wa kaya hii nani?"

"Mimi," Mokami akasema.

"Mume wako?"

"Alikufa zamani."

"Na huyu?"

"Mke wangu."

Karani akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Kisha akamgeukia Boke. "Wewe dada, baba wa hawa watoto nani?"

Boke aliinamisha kichwa. "Nyangwine," akasema.

Karani akaandika, akashukuru kwa maji, akaenda nyumba ya pili. Mokami aliliacha jibu hilo lipite. Alidhani Boke ameogopa, kama watu wengi walivyokuwa wakiogopa daftari. Malori yalipokuja ndipo alipojua kilichoandikwa. Boke na wasichana waliitwa kupanda lori la kijiji cha Umoja, ng'ambo ya mlima, walikopelekwa Nyangwine na ndugu zake. Mokami akaitwa peke yake kwenye lori la kuja kwetu, upande wa Ringwani. Kwenye karatasi yetu aliandikwa: kikongwe, hana mtu.

Alipanda akijua ni kosa litakalorekebishwa wiki ile. Akamwambia balozi wa nyumba kumi. Balozi akampeleka kwa katibu, katibu akamwambia asubiri, akasubiri. Alirudi mara nne. Zikapita mvua za vuli, zikapita za masika, ukaja ule msimu wa kula mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli, na jibu lilikuwa lile lile. Mwezi wa sita alimwambia mama yangu, "Kesho navuka."

"Kwa miguu hiyo? Zunguka na barabara."

"Barabara ni siku mbili. Mlima ni siku moja."

Aliondoka jogoo la pili. Alijifunga kitenge mara mbili kiunoni, akabeba mgongoni unga wa ulezi, na mkononi kibuyu cha samli aliyoikusanya tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya wasichana. Fimbo yake ilikuwa mti wa mjohoro.

Chini ya mlima, jua likianza kuchomoza, alimkuta Swaleh ameketi juu ya jiwe akifunga mzigo wake upya. Swaleh alikuwa Mwislamu wa Mugumu, mzaliwa wa pale ingawa baba yake alitoka Tabora, na kazi yake ilikuwa kukata matairi mabovu na kuyafanya viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura," Mokami akaitikia, yaani kijana kwa Kikurya. " Unakwenda wapi na matairi?"

"Makatambuga haya, bibi. Nakwenda kuuza vijiji vya mgongoni, kama huko juu bado kuna watu."

"Juu hakuna watu. Mlituteremsha wote."

"Si mimi niliyewateremsha. Mimi fundi viatu tu."

Mokami akacheka kidogo, wakaanza kupanda pamoja. Swaleh alimtazama miguu mitupu, akamwambia achague jozi, amkopeshe mpaka watakapoonana tena. Mokami akakataa. Alisema miguu yake inayajua mawe yale tangu yalipokuwa madogo.

Lakini haikuwa kweli tena, na alijua kabla hawajafika robo ya mlima. Njia ya Nyamosisi haina udongo. Mtu anapanda juu ya jabali hadi jabali, na katikati kuna changarawe inayokimbia chini ya unyayo. Zamani watu walipita pale kila siku na mifugo yao, mawe yakalainika na michongoma ikakatwa. Miezi tisa tu ilikuwa imepita na njia ilikuwa imeshajifunga. Ilibidi warudi nyuma mara mbili walipokuta miiba imeziba. Na nyayo za Mokami, baada ya miezi tisa ya kukanyaga udongo tifutifu wa bondeni, zilikuwa zimekuwa laini kama za mgeni. Ilipofika saa tatu asubuhi nyayo zilikuwa zimeanza kutoa damu. Hakumwambia Swaleh, ila Swaleh aliona alama juu ya mawe.

"Unakwenda kumwona nani huko Umoja, bibi?"

"Mke wangu."

Swaleh alihamishia mzigo bega la pili. "Mimi nimezaliwa kati ya Wakurya, jambo hilo nalijua. Lakini ukifika ofisini usiseme mke. Watacheka, na mtu akishacheka hasikilizi. Sema mkwe. Mkwe wanamwelewa."

"Mkwe aliyeolewa na mwanangu yupi, mura? Mimi sina mwana."

Swaleh aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba jibu la swali hilo mpaka leo hajalipata.

Kabla ya adhuhuri walifika kwenye kijito cha kunywea maji, wakakikuta kikavu, tope tu na kwato za swala. Pimbi walikuwa wameketi juu ya majabali wakiwatazama, hata hawakimbii, kama kwamba mtu ndiye aliyekuwa mgeni pale. Mbele kidogo ndipo ulipokuwa mji wa Mokami.

Alikuwa amejiambia hatasimama. Akasimama. Ua wa minyaa ulikuwa bado kijani, umezunguka mahali pasipo na kitu. Mgambo walichoma mapaa siku ya kuhama ili watu wasirudi, na mvua zilikuwa zimemaliza kuta. Jiwe la kusagia lilikuwa limepasuliwa katikati. Nani alikuwa na haja ya kupasua jiwe la kusagia, Mokami hakuelewa. Kaburi la Nyamhanga lilikuwa pale pale kando ya zizi, mawe yake yamejaa mavi ya pimbi. Akapiga magoti, akayakwangua kwa kijiti, jiwe moja moja. Swaleh alikaa mbali, amegeukia upande mwingine.

"Nakwenda kuwaleta," Mokami akamwambia mume wake.

Aliniambia kwamba maneno hayo yalipomtoka aliona aibu, kama mtu aliyeahidi ng'ombe asiye zizini kwake. Alitaka kulia na hakuweza. Akainuka.

Mgongoni mwa mlima upepo ulikuwa mkali. Huku nyuma yalionekana mabati machache ya kwetu, na huko mbele, chini kabisa, mistari ya nyumba za Umoja, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula. Hapo Swaleh alishika njia ya kushoto. Aliweka jozi ya makatambuga juu ya jiwe, akasema, "Nimeyasahau hapa, bibi," akaenda bila kugeuka. Mokami aliyavaa. Yalikuwa makubwa, yakimchapa visigino.

Kuteremka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kupanda kunataka pumzi, na pumzi unaweza kuipumzisha. Kuteremka kunataka magoti, na ya Mokami yalikuwa ya mtu wa miaka sitini. Jua lilikuwa utosini. Mawe yaliwaka. Kwenye jabali moja pana lenye mteremko, mahali alipopita mara mamia akiwa na mtungi kichwani, kiatu kilitangulia na mguu ukabaki. Alianguka kwa ubavu, akateleza hadi mti mdogo ulipomzuia. Alisikia kibuyu kikipasuka kabla hajasikia goti.

Alilala pale. Samli ilikuwa ikitiririka polepole juu ya jiwe la moto, ikinukia vizuri. Hiyo harufu, alisema, ndiyo iliyomvunja, si goti. Alikuwa amejinyima miezi mitatu. Akakumbuka kila kijiko. Akawaza kwamba angeweza kukaa pale tu, asiinuke, na isingekuwa kesi kwa mtu yeyote, kwa sababu daftari lilisema hana mtu. Alikaa muda mrefu. Nzi wakaja, na mchwa. Mwishowe akachota kwa vidole ile samli iliyokuwa imeshika jiwe, akaipaka gotini, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya nayo, akavua viatu, akateremka sehemu iliyobaki kwa makalio na mikono kama mtoto anayejifunza.

Kama saa tisa alifika kwenye bomba la kijiji cha Umoja. Palikuwa na mwanamke mmoja akichota maji. Mokami akanywa kwanza, kisha akaulizia nyumba ya Boke, mama Kezia.

"Boke yupi? Boke mke wa Nyangwine?"

Mokami alishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Huyo," akasema.

Boke alikuwa shamba la kijiji hadi jioni. Basi Mokami akaenda ofisini kwanza. Alikuwa amejitayarisha kwa karani mwingine wa kucheka. Akamkuta mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, Mkurya kama yeye. Alimpa kiti, akaagiza maji ya kuosha goti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hunielezi kitu kipya," mwenyekiti akasema. "Shangazi yangu alioa. Mke wa shangazi ndiye aliyenibeba mgongoni. Naijua nyumba ya namna hiyo."

Mokami akasogeza kiti mbele. "Basi rekebisha, tata," akasema, akimwita baba kwa Kikurya.

"Kitabu kina mahali pa mume, mahali pa mke, mahali pa watoto. Mahali pako hapamo, na mimi sikukitengeneza. Lakini fomu za kuhamia kijiji kingine ninazo." Akagonga meza kwa kidole. "Boke akija hapa aseme anataka kurudi kwako na watoto wake, leo hii naandika barua na kupiga muhuri. Simzuii mtu. Aseme yeye tu."

Mokami alitoka mle akichechemea haraka. Alisema ndiyo saa pekee ya siku ile ambayo hakuhisi maumivu.

Alimkuta Boke akiingia uani na jembe begani. Boke alimwona, akaliangusha jembe, akaja mbio, akapiga magoti, "Mama! Mama, umepitaje?" na kabla ya kujibiwa akaiona miguu ya Mokami akaanza kulia. Alipoinuka, Mokami naye akaliona tumbo. Miezi sita, labda saba.

Moyo wake uliruka kwa furaha, hakunificha hilo. Akaweka kiganja juu ya tumbo la Boke. "Huyu ni wa kiume," akasema. "Huyu ni Nyamhanga."

Boke akamketisha. Alileta maji ya moto, akamkanda goti, akamsongea ugali wa mhogo na mlenda. Kezia na Waisiko walirudi na kuni, wakamrukia bibi yao shingoni. Kezia alikuwa amerefuka. Alileta daftari lake la shule kumwonyesha bibi jinsi anavyoandika jina. Mokami hakujua kusoma, akamwambia asome yeye.

"Kezia Nyangwine," mtoto akasoma kwa fahari.

Boke akawatuma wasichana kwa jirani. Walipotoka, Mokami alimweleza maneno ya mwenyekiti: barua, muhuri, leo hii. "Twende kabla hajafunga ofisi. Utasema neno moja tu. Najua uliogopa siku ile. Sikukulaumu hata mara moja."

Boke aliendelea kulikanda goti. "Sikuogopa, mama."

"Siku ya karani. Uliogopa."

"Sikuogopa." Sasa aliuacha mguu, akakaa chini mbele yake. "Nilikuwa na miaka kumi na tano uliponileta. Hukunipiga. Hukuninyima chakula. Nilipoumwa ulinibeba. Ningekuwa mwongo kusema uliniumiza. Lakini ng'ombe walikwenda, nami nikaja, na hakuna aliyeniuliza. Si wewe, si baba yangu, si Nyangwine. Yule karani mwenye dharau aliniuliza swali, akangoja nijibu. Nikajibu."

Mokami alimtazama. Nje, kuku walikuwa wakigombania maganda ya mhogo.

"Kwa hiyo ulituandika mbali kwa makusudi."

"Nilijiandika mimi. Sikujua kwamba watakupeleka kwingine. Nilidhani tutakuwa kijiji kimoja, niwe nakuletea maji. Namwambia kila siku Nyangwine, na yeye amekubali: njoo ukae hapa. Tutakujengea kibanda. Utawalea."

"Nikae kwa Nyangwine? Niliyekuwa nampa amri ya kuja na kuondoka?"

"Kaa kwangu, mama."

"Na huyo aliye tumboni?"

Boke alishika tumbo lake. "Nyangwine amesema ataitwa kwa jina la baba yake," akasema, akafunika uso kwa kitenge.

Hakukuwa na ugomvi. Mokami aliniambia angefurahi kama Boke angemtukana, au kama yeye mwenyewe angepata hasira ya kutosha kuinua fimbo. Aliitafuta hasira hiyo hakuiona. Kilichokuwamo ndani yake kilikuwa kama lile jiwe la kusagia, vipande viwili ambavyo kila kimoja hakina kazi bila mwenzake. Nyangwine alipokuja alimsalimu kwa heshima, "Shikamoo, mama," akakaa pembeni ya ua mpaka alipoitwa kula. Mokami akaitikia marahaba. Akala matonge mawili. Akamwuliza habari za mtama.

Mwenyekiti alingoja ofisini hadi jua lilipozama. Hakuna aliyekwenda.

Asubuhi wasichana walimsindikiza hadi nyumba ya mwisho. Boke alibaki mlangoni, hawakuagana kwa maneno. Waisiko, mdogo, alimshika fimbo.

"Bibi, utakuja tena lini?"

"Mlima ukipungua," Mokami akamwambia, akampapasa kichwa.

Hakupita mlimani. Alizunguka na barabara, siku mbili na nusu kwa lile goti, akilala kwa watu asiowajua. Alipofika kwetu mama yangu alimwuliza kama wenzake hawajambo. Akasema wazima wote. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya mstari wetu shamba la kijiji, akaja na jembe, akalima sehemu yake hadi mwisho, kisha akalima tena ile ile aliyokwisha kuilima, mpaka mama alipokwenda kumshika mkono.

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, wa kiume. Habari ilimkuta kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Akasema, "Mungu amkuze," akauliza nani anafuata. Salamu za Boke zilikuja mara kwa mara, na mara moja kitenge. Yeye naye alituma salamu. Ila hakwenda tena, na tulipomshauri alisema goti.

Alifariki mwaka wa themanini na moja, wakati wa kupanda mtama. Tulituma neno Umoja, likakawia njiani. Hakukuwa na wa nyumba yake wa kuchagua mahali, kwa hiyo mwenyekiti wetu akaonyesha nafasi iliyokuwa wazi nyuma ya ghala, na kaburi likachimbwa na vijana wanne waliokuwa zamu wiki ile.